Mbeleko ya Mabega na Mtoto Aliyekwisha Kutembea

Katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, mgongo wa mama ndicho chombo cha kwanza cha usafiri ambacho binadamu hupanda. Mtoto huzaliwa, hupewa jina, na kabla hajajua kucheka amekwisha kusafiri vilima vyote vya jirani: kutoka Kamembe kushuka ziwani, kutoka ziwani kupanda sokoni, na pengine kuvuka daraja la mto Rusizi hadi Bukavu na kurudi siku hiyo hiyo. Hakuna kigari cha watoto kiwezacho kupita njia hizo, na mama aliyewahi kukiona kimekwama katika matope ya mwezi wa Aprili hakitamani tena.

Kiswahili kilikuwa kikisemwa Kamembe kwa ajili ya biashara ya ng'ambo muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nacho kina jina lake la nguo ya kumfungia mtoto mgongoni, yaani mbeleko. Huko pwani jina hilo lilipewa heshima kubwa zaidi, kwani hata zawadi ambayo mama wa bibi harusi hupewa na mkwewe, kwa kukumbuka siku alizombeba binti yake, huitwa mbeleko. Kinyarwanda husema ingobyi, na tendo lenyewe huitwa guheka. Ingobyi ya asili haikuwa kitambaa. Ilikuwa ngozi ya kondoo, iliyosuguliwa na kulainishwa kwa siagi mpaka ikawa nyororo, ikafungwa mbele ya mama kwa kamba za ngozi. Kondoo hakuchaguliwa ovyo, kwani Wanyarwanda humhesabu kuwa mnyama mpole asiye na ugomvi, na ngozi yake ikamfunika mtoto kama dua. Siku hizi ngozi hizo huonekana zaidi katika sherehe na nyumba za makumbusho, na kazi ya kila siku imeachiwa kitenge, taulo na shali. Neno lenyewe, hata hivyo, halijashuka cheo. Wimbo wa taifa uliopitishwa mwaka 2002 huiita nchi yenyewe ingobyi, na kila askari asimamapo wima bendera ikipandishwa huwa anaitolea heshima mbeleko, ajue asijue.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mama wa Rusizi namna ya kumfunga mtoto mchanga. Kazi hiyo anaijua kuliko mtu yeyote. Shida huanza mwaka wa pili, wakati mtoto amekwisha kusimama dede, akatembea, akachoka, akataka kubebwa, na akishabebwa akataka kushuka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani mwenye umri wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9.6 na msichana kilo 8.9, wakifika miaka miwili huwa kilo 12.2 na kilo 11.5, wakitimiza mitatu wamekaribia au kupita 14. Kitenge kilichotosha kwa kilo nne sasa hulegea kila baada ya hatua mia. Mtoto huteleza akafika kiunoni, mama huinama kumpandisha, fundo humbana kifuani, naye mtoto hujinyoosha nyuma atazame pikipiki inayopita, na uzito wote ukaelemea upande mmoja. Mwanamke anayetoka Bugarama na mchele kichwani, au anayepanda kutoka ziwani na ndoo ya sambaza, hana mkono wa tatu wa kurekebisha fundo.

Ni kwa ajili ya mwaka huo wa pili na wa tatu kwamba yafaa kuitazama mbeleko ya Wajapani. Wao huiita onbuhimo, yaani mkanda wa kubebea mgongoni. Ile ya zamani ilikuwa mkanda mrefu wa pamba wenye kipande kipana cha kumkalisha mtoto. Mikanda ilipita mabegani, ikapishana kifuani kama mshipi wa risasi, ikarudi nyuma chini ya makalio ya mtoto na kufungwa mbele. Ile ya siku hizi ni nyepesi zaidi kuieleza: kipande cha kitambaa kigumu chenye umbo la mstatili, mikanda miwili minene iliyoshonwa kwenye pembe za juu, na pete mbili kwenye pembe za chini. Mikanda hupita juu ya mabega ya mbebaji, ikashuka chini ya kwapa, ikaingia katika pete na kukazwa. Haina mkanda wa kiunoni. Askari ataielewa mara moja, kwani imekaa kama shanta.

Ukosefu huo wa mkanda wa kiunoni ndio faida yake kubwa, na ndio kasoro yake pia. Kwa kuwa hakuna kitu kinachobana tumbo, mama aliye mjamzito aweza kumbeba mtoto wake mkubwa bila fundo kukaa juu ya mimba, madhali mkunga au daktari hakumkataza kubeba uzito. Matiti ya mama anayenyonyesha nayo hayabanwi. Mtoto hukaa juu, kichwa chake kikifika usawa wa bega la mbebaji au kulipita, akaona barabara, watu, mbuzi na ziwa. Waswahili husema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika mbeleko hii hukitazama, kisha akatazama na mengine. Watoto wengi waliokuwa wakilia kwenye kitenge kwa sababu hawaoni mbele hunyamaza wakipandishwa juu hivyo. Lakini uzito wote hutua mabegani. Mwendo wa nusu saa kwenda kituo cha afya ni sawa. Mwendo wa kutwa kuvuka vilima si sawa, na mtu mwenye maumivu ya shingo au bega asijaribu. Kwa safari ndefu, kitenge kipana kilichofungwa vizuri na mtu mzima, kikiusambaza uzito katika kifua, mgongo na kiuno, bado hakijapata mshindani.

Asifikiri mtu kwamba kuiga kutoka Japani ni kudharau mgongo wa Kiafrika. Mambo haya yamekuwa yakipeanwa duniani siku zote. Katika miaka ya 1960, muuguzi Mmarekani Ann Moore alifanya kazi nchini Togo pamoja na Peace Corps, akawaona akina mama wa huko wakiwabeba watoto wao nao watoto wametulia. Aliporudi kwao na kujifungua, alijaribu kumfunga binti yake vivyo hivyo, mtoto akawa anateleza. Akamwomba mama yake amshonee mfuko wenye mikanda, na mwaka 1969 wakapata hati ya kuulinda ubunifu huo, uliouzwa kwa jina la Snugli. Mamilioni ya fedha yalipatikana kutokana na jambo ambalo bibi wa Togo alilifanya kwa kipande cha nguo.

Wajapani wenyewe walijifunza jambo zito kuhusu miguu ya watoto, na somo lao lafaa lijulikane katika kila nyumba. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia katika tundu la nyonga. Mtoto anapozaliwa tundu hilo bado ni laini. Akifungwa kwa nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, kichwa cha mfupa huweza kusukumwa nje ya tundu, na mtoto akakua akichechemea. Zamani ilikuwa desturi ya Wajapani wengi kuwafunga nepi na nguo watoto wachanga kwa namna ya kuinyoosha miguu hiyo. Madaktari wao wa mifupa walipohesabu, walikuta kwamba kati ya watoto 11 na 35 katika kila 1,000 walikuwa na nyonga zilizoteguka. Katika miaka ya 1970 kampeni ikafanywa nchi nzima kuwafundisha wazazi waiache miguu ya mtoto ijikunje na kupanuka kama ya chura. Idadi ikashuka hadi chini ya 2 katika kila 1,000.

Kwa upande wa pili, mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi katika hospitali moja ya mifupa mjini Blantyre, Malawi, waliandika kwamba katika muda wa miaka 10 walikuwa wamewahudumia watoto zaidi ya 40,000 wenye matatizo ya viungo, wala hakuletwa hata mmoja mwenye ugonjwa huo wa nyonga. Walitaja mbeleko kuwa sababu inayoelekea zaidi: mtoto wa Malawi, sawa na wa Rusizi, hukaa mgongoni miguu yake imepanuliwa na magoti yamepanda, na kichwa cha mfupa kikabaki mahali pake. Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye uzito katika jambo hili. Mtoto aliyekwisha kutembea nyonga zake zimekwisha kushika. Kwake mkao huo ni wa raha, na wa kuzuia kitambaa chembamba kisimkate mapajani na kumtia ganzi.

Kutokana na hayo, namna ya kumpima mtoto aliyekwisha kupandishwa katika mbeleko ya mabega haina siri. Kitambaa kianzie nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, mtoto akae kama aliyeketi kwenye kiti kirefu, asining'inie kwa kinena. Upindo wa juu ufike makwapani au mabegani mwake. Pua na mdomo viwe wazi, na kidevu kisilalie kifua. Mbebaji hawezi kuyaona haya yote mwenyewe, kwa hiyo atazame kwenye kioo, au kwenye dirisha la duka, au amwulize jirani. Mtoto asiyeweza bado kuketi bila kuegemezwa asiwekwe humo kabisa, kwa sababu mbeleko hii haimshiki kiuno wala shingo. Yeye angoje, na kitenge cha mama kimtoshe.

Kumpandisha ni sehemu inayowaogopesha wengi. Njia ya salama ni kuanzia mahali pa chini. Mbeleko hulazwa kitandani, mikanda ikiwa imekwisha kupita katika pete lakini imelegezwa. Mtoto huketishwa juu yake. Mbebaji hukaa mbele yake akampa mgongo, akaingiza mikono katika mikanda kama avaaye shanta, akainama mbele kidogo na kuikaza, ndipo akasimama kwa nguvu za mapaja. Mara tano za mwanzo pawe na mtu wa pili nyuma. Wakati wa kushuka, utaratibu ni huo huo kinyumenyume, wala mtoto asiteremshwe kwa kulegeza pete upande mmoja huku mbebaji amesimama.

Rusizi ina hali zake. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na vilima vya kuelekea msitu wa Nyungwe hupanda kupita mita 2,000, ambako asubuhi ya mashamba ya chai huwa na ukungu wa kutetemesha meno. Wajapani kwa baridi yao huvaa koti pana lililotiwa pamba, liitwalo nenneko, linalomfunika mama na mtoto pamoja huku vichwa vyote viwili vikiwa nje. Shali nzito huko Rusizi hufanya kazi hiyo hiyo, mradi isipande kufunika uso. Kule Bugarama, ambako bonde limeshuka karibu na mita 1,000 na joto la mashamba ya mpunga linajulikana, mambo hugeuka. Miili miwili iliyogusana hutoa joto la miili miwili. Huko kitambaa kiwe chepesi, mtoto avae nguo moja tu, apewe maji mara kwa mara, na atolewe mgongoni kila nusu saa apate upepo.

Yapo mahali ambapo mtoto hapaswi kuwa mgongoni, iwe kwa kitenge au kwa mbeleko ya Kijapani. Jikoni ni pa kwanza: mama akiinama juu ya jiko la mkaa, mkono wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupita bega na kulifikia sufuria kabla mama hajajua. Juu ya pikipiki ni pa pili. Pa tatu ni mtumbwini, na hapa wakazi wa kisiwa cha Nkombo na wote wanaosafiri ziwani wanatakiwa kusikia vizuri. Mtoto aliyefungwa kwa mtu mzima huzama pamoja naye, kwani pete na mafundo hayafunguki kwa vidole vyenye hofu. Ndani ya chombo cha majini mtoto afunguliwe, akae mapajani, naye avikwe jaketi lake la kuokolea.

Sasa juu ya baba. Katika nyumba nyingi za askari na polisi, baba hubeba bunduki, hubeba shanta, hubeba gunia la mahindi, lakini mtoto mgongoni hambebi. Sababu ya kwanza itajwayo ni desturi. Ya pili, isiyotajwa sana, ni kwamba kitenge kinahitaji ustadi ambao wavulana hawakufundishwa, na mwanamume anaogopa kumwangusha mtoto mbele za watu. Mbeleko ya mabega huiondoa sababu hii ya pili. Mtu aliyefundishwa kukaza mikanda ya shanta ili mzigo ukae juu na karibu na mgongo ameshajua nusu ya kazi; nusu iliyobaki ni kukumbuka kwamba mzigo huu unakojoa. Juu ya sababu ya kwanza, itoshe kusema kwamba desturi ya Rusizi haikumkataza baba kumchukua mgonjwa katika machela ya kienyeji, ambayo nayo huitwa ingobyi, na wanaume wanne waliokuwa wakipokezana mabegani kumfikisha mgonjwa hospitali hawakuchekwa na mtu. Baba aliye likizo akimchukua mtoto wa miaka miwili mgongoni kwa saa moja jioni, mama hupika bila mkono mdogo kuzengea sufuria.

Kwa bahati mbaya, wepesi huo huo unaomfaa baba una hatari yake, na hatari hiyo ndiyo inayofanya mbeleko hii isipokelewe kwa macho yaliyofumbwa. Kitenge hakimtii mtoto wa miaka kumi kwa urahisi. Mdogo wake huteleza, na mama huona mwenyewe kwamba kazi haiwezekani. Mkanda wenye pete humtii mtu yeyote. Japani yenyewe ni shahidi. Huko wasichana maskini walikuwa wakitolewa nyumbani wangali wadogo kwenda kulea watoto wa watu wengine kwa ajili ya chakula na nguo. Waliitwa komori. Waliwafunga watoto mgongoni asubuhi wakawafungua usiku, wakicheza, wakifagia na kulia nao wakiwa mgongoni. Katika enzi ya Meiji, iliyoanzia mwaka 1868 hadi 1912, idadi yao ilikuwa kubwa hata zikafunguliwa shule maalumu za komori, ambako mwanafunzi aliruhusiwa kusoma na mtoto wake wa kulea akiwa mgongoni. Mchezo wa televisheni wa Oshin, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na kutazamwa baadaye katika nchi nyingi, ulimwonyesha msichana wa namna hiyo, na watu wa mataifa yasiyojua neno moja la Kijapani walimlilia kwa sababu walimfahamu.

Rusizi wanamfahamu pia. Magazeti ya Rwanda yamekwisha kuandika mara kadhaa juu ya akina mama wafanyao biashara ndogo za kuvuka mpaka, huko Rubavu na huku Rusizi, wanaowaacha watoto karibu na mpaka wakitunzwa na watoto wenzao hadi biashara iishe. Mama hafanyi hivyo kwa ukatili. Ana kikapu cha mboga kinachonyauka, ana mtaji ambao asipouzungusha leo kesho hana, na njia ya kurudi ina foleni. Lakini hesabu yenyewe haifichiki. Msichana wa miaka kumi ana uzito wa wastani wa kilo 32 hivi. Mdogo wake wa miaka miwili ana kilo 12. Huo ni mzigo unaopita theluthi ya mwili wake. Katika mafunzo ya majeshi mengi, theluthi ya uzito wa mwili ndiyo itajwayo kuwa karibu na ukomo wa kile ambacho askari mzima, aliyekomaa mifupa na kufanyishwa mazoezi, anapaswa kubeba akienda kupigana. Sajini hangekubali kumpa kuruta mzigo ambao binti yake anaubeba kutwa nzima akingoja darajani, tena siku ya shule.

Ipo picha moja ambayo watu wa majeshi wanapaswa kuijua. Ilipigwa Nagasaki mwaka 1945, baada ya bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti, na Joe O'Donnell, mpiga picha wa jeshi la wanamaji-askari la Marekani. Ndani yake amesimama mvulana wa miaka kumi hivi, peku, mikono imenyooshwa mapajani kama askari kwenye gwaride. Mkanda umepishana kifuani mwake, na mgongoni mdogo wake ameinamisha kichwa nyuma kama aliyelala. Kwa maelezo ya O'Donnell, mtoto huyo alikuwa amekufa, na kaka yake alikuwa amemleta mahali pa kuchomea maiti akingoja zamu. Mpiga picha aliziweka picha zake za huko ndani ya sanduku kwa miaka mingi kwa sababu hakuweza kuzitazama. Mwishoni mwa mwaka 2017 Papa Fransisko aliagiza picha hiyo ichapwe kwenye kadi na kugawiwa. Jina la mvulana halijulikani. Mkanda wake ni ule ule unaoelezwa katika makala haya, na hakuna mtu aliyemfundisha kuuvaa siku hiyo, alikuwa ameuzoea.

Msaada kwa mama wa mpakani haupo katika kutafuta mgongo mdogo zaidi. Upo katika vituo vya malezi ya mchana, ambavyo Wanyarwanda huviita irerero, vikiwemo vile vinavyoendeshwa katika nyumba za watu kwa zamu. Akina mama sita wa kambi moja wakikubaliana, kila mmoja akibaki na watoto wote siku moja ya juma, kila mmoja hupata siku tano za kwenda kutafuta riziki bila mtoto mgongoni, na hakuna binti atakayetolewa darasani. Mlezi wa zamu atakuwa na watoto sita, na hapo mbeleko ya mabega itamfaa kwa yule mmoja anayelia bila kunyamaza.

Mama atakayetaka kushonesha asitafute kitu cha dukani. Fundi cherehani yeyote mwenye mashine nzito anaiweza. Kitambaa kiwe cha pamba nene kisichovutika, kama kaki au jinzi. Turubai jembamba nalo lafaa, ingawa humkwaruza mtoto shingoni lisipotiwa bitana ya kitenge. Sare kuukuu ya jeshi au ya polisi isitumike, hata ikiwa imechanika, kwani ni mali ya serikali na ina utaratibu wake wa kurudishwa. Upana hupimwa kwa mtoto mwenyewe akiwa ameketi amepanua miguu, kutoka goti hadi goti. Urefu hupimwa kutoka makalioni hadi mabegani, kisha huongezwa upana wa kiganja kwa ajili ya kukua. Mikanda itiwe sifongo au matabaka ya blanketi mahali inapokaa juu ya bega. Ncha zake zisishonwe ukingoni tu. Ziingizwe ndani ya kitambaa kiasi cha upana wa vidole vinne, zishonwe kwa umbo la mraba, kisha mraba huo ukatwe kwa mshono wa msalaba. Pete ziwe za chuma kizima kilichounganishwa kwa moto. Pete yenye mwanya hufunguka. Kazi ikiisha, mbeleko itundikwe kwenye boriti usiku kucha ikiwa na maharage ya kilo 25 ndani yake, na asubuhi kila mshono utazamwe. Uzi mmoja uliokatika ni sababu ya kuirudisha kwa fundi.

Hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, maana jua kali huuozesha uzi kabla ya kitambaa. Mara moja kwa mwezi mishono na pete vikaguliwe, kama silaha inavyokaguliwa. Fundi huenda akauliza kama aongeze pete za juu za kufupishia mikanda, ili hata dada mtu aweze kuivaa. Aambiwe asiongeze. Na nyumbani mbeleko itundikwe kwenye msumari wa juu, pamoja na koti la baba, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.